Kulala kwa tenti Ziwa Ellis, Mlima Kenya upande wa Chogoria

Nimepeleka watu huku juu miaka kadhaa na kila msimu naulizwa maswali yaleyale, uende lini, ulipe vipi, ulale wapi, kwa hivyo acha niandike yote hapa mara moja. Ziwa Ellis liko kama mita 3,450 juu ya usawa wa bahari, ndani ya mbuga ya taifa, kwa hivyo si mahali pa kuingia tu na kutandika tenti vile unataka.

Kwanza chagua wakati. Januari na Februari, ama Julai mpaka Septemba. Aprili na Novemba ile barabara ya kutoka mji wa Chogoria kupanda mpaka geti ya mbuga, ambayo ni kama kilomita 30 za udongo katikati ya msitu, inakuwa matope matupu na hata gari ya foo-wili (4x4) inaweza lala hapo.

Pili lipa kabla hujatoka nyumbani. KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, hawapokei pesa taslimu, unalipia kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, na ujue kiingilio na ada ya kambi ni vitu viwili tofauti na vyote vinahesabiwa kwa siku. Beba kitambulisho maana mwananchi, mkaazi na mgeni kila mmoja ana bei yake. Kupanda peke yako hairuhusiwi, tafuta mwongozaji aliyesajiliwa, na usimwone kama mzigo kwa bajeti yako kwa sababu ukungu ukishuka saa nane mchana huoni njia iko wapi na ni yeye atakurudisha kambini. Geti inafungwa saa kumi na mbili jioni.

Tatu ni mahali pa kulala. Usiku wa kwanza mimi husema lala hapohapo getini, mita 2,950 hivi, kuna uwanja wa tenti na banda za kukodi kwa wale hawataki baridi. Mwili unazoea hewa ya huku juu, kichwa hakitakuuma sana kesho. Kesho yake tembea polepole mpaka Ellis, ni kama saa tatu ama nne ukiwa na mzigo. Asubuhi na jioni kaa karibu na mwongozaji kwa ule mwendo wa msituni, nyati wako.

Sasa ukifika ziwani usifanye kosa nililofanya mara ya kwanza, niliona nyasi safi bondeni karibu kabisa na maji nikafurahi nikatandika hapo, usiku ile hewa baridi yote ikateremka ikatulia hapo chini na asubuhi tenti ilikuwa na barafu mpaka ndani na begi ya kulalia imelowa. Panda kidogo, tafuta mahali pakavu palipoinuka, angalau hatua 70 kutoka kwa maji, mahali ambapo wengine walishalala ili usiue nyasi mpya.

Na tafadhali msing'oe yale majani makavu ya senesio ama lobelia, ile mimea mikubwa ya huku juu, mkatandike chini ya tenti. Nimeona watu wakifanya hivyo na inaniuma kweli. Yale majani makavu yanayoning'inia kwenye shina la senesio ndiyo blanketi ya huo mti, ukiyatoa shina linapigwa na baridi kali ya usiku na mti unaokua polepole hivyo unaweza kufa.

Moto wa kuni hapana, kabisa. Mwaka 2012 na tena 2019 moto uliteketeza sehemu kubwa ya huu mlima. Beba jiko dogo la gesi (ile meko ya mtungi wa kilo 6 iache kwa gari) na usilete maharage ambayo hayajapikwa, huku maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 90 na utamaliza gesi maharage yakiwa bado mawe. Ndengu zilizopikwa nyumbani, chapati, uji, mambo yameisha.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020, beba yako ya kujaza tena. Takataka zote zinarudi na wewe, hata maganda ya ndizi. Choo kama hakuna karibu chimba shimo la sentimita 15 mbali na maji, na karatasi uibebe kwa mfuko.

Ukiwa na siku moja zaidi na kichwa hakiumi, ongea na mwongozaji mwende mpaka Ziwa Michaelson, lile la chini ya ukuta mkubwa wa mawe unaoitwa Temple, kama mita 3,950. Huko uwe makini zaidi na sabuni, usioshe sufuria ziwani hata moja, chota maji uende kando. Mto Nithi unaanzia hapo, na mimi nimekulia huko chini tukichota maji yake kwa mitungi.