Ukiokota mtoto wa paka usimlee peke yake

Mimi wangu nilimuokota pale Deep Sea, soko la samaki Tanga, ana kama wiki tatu hivi, nikamfungia ndani huku Ngamiani miezi minne hajaona paka mwingine, leo anaitwa Msumari na kila anayepita koridoni anajua kwa nini. Anang'ata vifundo vya miguu mpaka damu. Paka wa jirani akimlazia masikio na kumfanyia fsss, yaani ishia hapohapo, yeye haelewi kabisa, anamwendea usoni eti wacheze, sikio la kushoto limechanika kwa hilo.

Lugha yao wanafundishwa na mama na ndugu zao. Wakicheza mieleka, mmoja aking'ata sana mwenzie analia na mchezo unakufa, ndo anajua kipimo cha meno. Kuzoea watu nako ni hasa wiki ya 2 mpaka ya 7, baada ya hapo inawezekana ila utasota.

Kwa hiyo mama akiwepo muache naye mpaka wiki 8, zikifika 12 bora zaidi, wewe nenda kamshikeshike hukohuko kila siku kidogokidogo, na watoto, na wageni, asikie na bodaboda. Mama hayupo? Uliza mtaani nani ana paka anayenyonyesha, mfute mdogo kwa kitambaa alicholalia huyo mama ndo umuweke, wengi wanakubali. Ikishindikana chukua wawili. Maziwa ya ng'ombe acha, yatamharisha, uliza ya paka duka la dawa za mifugo. Na mkono wako usiwe toi, chezea kamba, aking'ata tuliza mkono halafu ondoka zako, ukimpiga unamfundisha kuogopa mkono tu.

Aliyeshaharibika kama wangu usimletee jibaba la paka, mletee mdogo. Harlow, mwanasaikolojia kule Marekani, aliwafungia watoto wa kima peke yao miezi 6, wakawa wanajikumbatia na kujitikisa tu, kucheza hawajui, ukatili mtupu kwa kweli, ila mwaka 1971 yeye na mtafiti mwenzake Suomi wakaonyesha kwamba wakiwekwa na wadogo wa miezi 3, ambao wanang'ang'ania kukumbatia tu hawana ugomvi, wanarudi kuwa sawa. Paka si kima, lakini nimejaribu. Nimeleta katoto ka wiki tisa, wiki ya kwanza mlango katikati, nawabadilishia matandiko wanusane, sahani ya dagaa huku na huku.

Jana kamemng'ata mkia, Msumari akalia nyaa, akaenda zake kukaa juu ya ndoo.