RO Haifiki Sifuri? Pima Kwanza, Resini Utanunua Baadaye

Mwani wa kahawia unaotanda upya kila wiki kwenye mchanga wa tangi la maji chumvi mara nyingi hulishwa na maji unayojazia. Piga hesabu: tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku kwa mvuke, likijaziwa maji ya bomba yenye TDS 300 (yaani miligramu 300 za vitu vilivyoyeyuka kwa kila lita), linabakiwa na karibu gramu 27 za vitu vilivyoyeyuka kila mwezi. Maji hupaa, vitu hubaki. Ndiyo maana maji ya kujazia hupitishwa kwenye mashine ya RO: vichujio vya tope na kaboni, kisha membreni (utando unaozuia chumvi maji yakisukumwa kwa presha), na mwisho resini (chembe zinazonasa chumvi iliyobaki). Yakitoka yanatakiwa yasome 0 kwenye kipima TDS.

Wengi wakiona 0 imekuwa 5 hukimbilia dukani kununua resini. Resini iko mwisho wa foleni, kwa hiyo hubeba makosa ya wote waliotangulia. Pima sehemu tatu: maji yanayoingia, yanayotoka kwenye membreni, na yanayotoka kwenye resini. Ili kupata ya katikati, chomoa bomba linaloingia kwenye chupa ya resini na ukinge hapo.

Acha mashine ifanye kazi dakika 10 kabla ya kukinga. Membreni ikilala bila presha, chumvi hupenya polepole kwenda upande wa maji safi, na lita za mwanzo husoma juu sana. Zimwage. Mashine inayowashwa na boya la tangi mara kumi kwa siku, dakika mbili mbili, humaliza resini hata kama hakuna kilichoharibika. Afadhali ujaze pipa zima kwa mkupuo mmoja.

Sasa chukua kipimo cha kuingia, toa cha membreni, gawanya kwa cha kuingia, zidisha kwa 100. Maji ya 400 yakitoka 12, membreni inazuia asilimia 97. Iliyo nzima huzuia 96 hadi 98. Yakitoka 40 ni asilimia 90, na resini itaisha zaidi ya mara tatu mapema.

Ikiwa iko chini hivyo, angalia presha kabla ya kuilaumu membreni. Hapa ndipo nyumba zetu nyingi zinapokwama. Tangi la maji la nyumba lililo mita 6 juu hutoa psi (kipimo cha presha) 8 au 9 tu, wakati membreni ya galoni 75 kwa siku hutaka kama psi 50. Maji yatatoka kweli, lakini machache na machafu. Funga pampu ndogo ya kuongezea presha, uiweke psi 60 hadi 70, na geji ikae kati ya chujio la kaboni na membreni. Geji ikishuka wiki hadi wiki, chujio la tope limeziba.

Presha ikiwa sawa, chukua jagi la vipimo na saa ya simu. Membreni hiyo ya galoni 75 hutoa kama mililita 200 za maji safi kwa dakika, na ya kutupwa mara tatu hadi nne ya hapo. Ya kutupwa yakiwa machache mno, kidhibiti cha mtiririko kwenye bomba lake kimeziba kwa chokaa. Kibadilishe upesi, maana membreni nayo itajaa chokaa. Usikifunge kabisa ili "kuokoa maji". Maji hayo ndiyo yanayoiosha membreni.

Mtiririko ukiwa sawa na kipimo bado kibaya, toa membreni ukague oringi, ile pete ya mpira inayoziba pembeni. Iliyokunjika au kukatika hupitisha maji ghafi pembeni. Kisha jaribu klorini kwa kipimo cha matone cha bwawa la kuogelea, ukitumia maji ya kutupwa. Yakigeuka njano, kaboni imekwisha na klorini imekuwa ikiila membreni. Badilisha vyote viwili. Kubadilisha membreni peke yake ni kutupa pesa.

Kisima kina ujanja wake. Membreni inaweza kuonyesha asilimia 97 na resini bado ikaisha haraka ajabu, kwa sababu hewa ya kaboni dayoksaidi hupenya membreni na kipima TDS hakiioni vizuri. Pima pH ya maji ya kisima, yapulizie hewa kwa pampu ya samaki saa 24, upime tena. Ikipanda kutoka 6.5 hadi 7.5, umeipata. Yapulizie maji kwenye pipa siku nzima kabla ya kuyapitisha kwenye mashine.

Kisima cha pwani kilichoingiliwa na bahari ni habari nyingine: TDS 2000 kwa asilimia 97 ni 60, na resini haitamudu. Tumia maji ya mvua, baada ya manyunyu ya kwanza kuosha paa, lakini nayo yapite kwenye mashine. Mabati huacha zinki, sumu kwa kamba na matumbawe.

Resini yenyewe ibadilishe ikisoma 1 tu. Iliyochoka huachia silika iliyoishika kwa ulegevu, ikaingia tangini kwa pamoja. Unapoijaza upya, gongagonga chupa hadi ishindiliwe bila nafasi, isimamishe wima maji yaingie kwa chini, na umwage lita mbili za kwanza.