Kumfundisha Mwanafunzi wa Kichina Ufahamu wa Kiingereza Ukiwa Mombasa

Mwalimu wa tuisheni aliyekua na Kiswahili, akikaa na mwanafunzi wa sekondari anayesema Kichina, atakuta nusu ya shida za mtoto huyo anazijua mwenyewe. Zimo kinywani na masikioni mwake. Nusu ya pili haioni kabisa, kwa sababu Kiswahili kimemkinga nayo, na hapo ndipo anapoenda mbio akamwacha mtoto nyuma. Kujua ipi ni ipi ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya somo la kwanza, uliza mtoto anajiandaa na mtihani gani. Anayesoma China bara kwa kawaida analenga Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Karatasi ya kitaifa ya Kiingereza ina alama 150 kwa dakika 120. Kusikiliza ni maswali 20 ya alama 1.5 kila moja, jumla 30, na huchukua kama dakika 20. Mazungumzo matano ya mwanzo husikika mara moja tu. Yanayofuata, yaliyo marefu zaidi, husikika mara mbili. Kusoma kuna alama 50: vifungu vinne vyenye maswali 15, kisha kifungu kimoja chenye mapengo matano ya kujazwa kwa sentensi saba zilizotolewa. Mikoa mingine ina utaratibu wake, kwa hivyo mwombe mtoto akutumie karatasi ya mwaka uliopita ya kwao. Anayetaka kusoma ng'ambo huenda anafanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na huko kwenye kusikiliza rekodi yote husikika mara moja tu, maswali 40. Watoto hawa wawili hawafundishwi sawa: wa pili hana nafasi ya kusema "nitalipata likirudiwa".

Saa za kazi. China nzima hutumia majira mamoja ya saa, na iko mbele ya Mombasa kwa saa tano. Usiandike "saa nane" kwenye ujumbe. Andika 14:00 Mombasa, 19:00 Beijing. Wanafunzi wengi wa sekondari ya juu hubaki shuleni jioni kwa kujisomea, basi nafasi ya kweli ni Jumamosi na Jumapili. Ukifundisha saa hizo za alasiri, adhana italia katikati ya kipindi. Panga zoezi la kusoma kimya liangukie hapo, si la kusikiliza. Feni nayo izime wakati mtoto anasikiliza.

Jambo linaloharibu masomo mengi ya mtandaoni ni kupiga rekodi kupitia simu ya video. Programu za simu hupunguza kelele, na katika kupunguza hukata pia sauti nyembamba: s, f, t, th. Hizo ndizo sauti ambazo mtoto tayari hazisikii. Mtumie faili mapema, aipige mwenyewe kwenye kifaa chake, nawe upige yako kwa wakati mmoja huku umezima kipaza sauti. Usimtumie kiungo cha YouTube wala Google. China bara havifunguki kwa njia ya kawaida. Tuma faili yenyewe kwa programu anayoitumia na familia yake.

Sasa tuingie kwenye sikio.

Silabi ya Kichina cha Mandarin huishia kwa irabu, au kwa n au ng, na karibu hakuna zaidi. Kiswahili nacho kinapenda irabu mwishoni: desk tukalifanya deski, bank likawa benki. Kwa hivyo unaelewa mara moja kwa nini "asked", "months" au "helped" linafika masikioni mwa mtoto likiwa limekatwa mkia. Wewe huongeza irabu ili ulishike neno. Yeye mara nyingi huuacha mwisho uanguke. Tatizo ni kwamba Kiingereza huweka maana kwenye mikia hiyo: wakati uliopita, wingi, umilikaji, ukanusho. Mtoto wa Hong Kong anayesema Kikantoni ana p, t na k mwishoni mwa silabi za lugha yake, lakini huzifunga mdomoni bila kuziachilia. Kwa hivyo makosa yake si yale yale, usimpe mazoezi ya Mandarin kwa mazoea.

Dawa ni imla, na iwe fupi. Chukua sekunde 20 hadi 30 za rekodi ya mtihani, sentensi tatu au nne. Mara ya kwanza asikilize bila kalamu, kisha aseme kwa Kichina au Kiingereza ni nani anazungumza na anataka nini. Mara ya pili aandike, ukisimamisha kila mwisho wa sentensi. Mara ya tatu ajaze mapengo. Hapo ndipo unapomwonyesha maandishi, naye asahihishe kwa kalamu nyekundu. Kisha asikilize tena akiyafuata kwa macho, na mara ya mwisho ayafunike.

Tazama sentensi hii: "She said she'd have met him at the ferry if it hadn't been late." Mtoto wa kiwango cha kati ataandika kitu kama "She said she have met him at the ferry, it been late." Herufi zilizopotea ni chache mno, lakini maana imepinduka: yeye ameelewa kwamba walikutana kivukoni, na rekodi inasema hawakukutana. "She'd" imebaki pumzi tu kabla ya "have", "have" yenyewe imesinyaa ikawa "əv", na "hadn't" imeshikana na "been" hata t haisikiki. Kila neno hapo analijua akiliona. Ndiyo maana kumwongezea orodha ya msamiati hakutamsaidia.

Kwa sababu hiyo, kila kosa la imla lipewe herufi pembeni. S ni sikio: neno analijua kwa macho lakini hakulisikia. M ni msamiati: halijui hata akiliona. U ni muundo: maneno ameyasikia, maana hakuipata. Baada ya imla nne, hesabu. S zikizidi, wiki ijayo rudini kwenye imla na kufuatisha kwa sauti, yaani mtoto aseme pamoja na rekodi, nusu ya silabi nyuma yake. M zikizidi, chagueni rekodi rahisi zaidi. U zikizidi, shida iko kwenye kusoma, na hamtaitatua kwa kusikiliza.

Usimsomee imla kwa sauti yako mwenyewe. Sisi wa pwani, kama Wakenya wengi, tunaipa kila irabu ya Kiingereza haki yake, na silabi zetu zinakwenda kwa mwendo mmoja. Mtoto atakuelewa vizuri sana, mtafurahi wote wawili, na siku ya mtihani ataanguka. Wala usipunguze kasi ya rekodi hadi nusu: kupunguza kunaivuta sauti tu, hakurudishi herufi zilizomezwa. Shuka hadi 0.9 au 0.85 kwa sentensi moja iliyokataa, halafu rudi kwenye kasi yake palepale.

Namba zinastahili dakika tano za kila somo. Kichina huhesabu kwa wan, yaani elfu kumi. 350,000 kwao ni wan 35, kwetu ni laki tatu unusu, na kwa Kiingereza ni "three hundred and fifty thousand". Nyote wawili mnabeba kizio ambacho Kiingereza hakina, na kutafsiri katikati ya rekodi ndiko kunakomlia muda. Msomee namba kumi, azinakili kwa tarakimu moja kwa moja: akisikia "thousand" aweke koma papo hapo, bila kufikiria wan. Hapa sauti yako inafaa. Kwa "thirteen" na "thirty", walimu wengi husema "sikiliza mkazo". Hiyo haitoshi, kwa sababu kabla ya nomino, kama katika "thirteen people", mkazo husogea hadi silabi ya kwanza na yote mawili yakafanana. Kinachobaki ni irabu ndefu na n ya mwisho. Tena Wamarekani hutamka t ya "thirty" karibu kama d.

Kuna mambo mawili ambayo mwalimu Mswahili anaweza kuyaeleza vizuri kuliko Mwingereza. La kwanza ni "he" na "she". Kichina hutamka tā kwa yote mawili, sisi tunasema yeye. Katika mazungumzo ya watu watatu, mtoto hupoteza nani kafanya nini kwa sababu akili yake haikuzoea kushika tofauti hiyo. Mpe rekodi hiyohiyo, na kazi yake iwe moja tu: kuchora safu mbili za "he" na "she" na kuandika kitenzi kila anaposikia kimoja.

La pili ni jibu la swali la kukanusha. Ukiulizwa "Hujamwona?" unajibu "Ndiyo, sijamwona", na Mchina hujibu vivyo hivyo. Mwingereza hujibu "No, I haven't". Mtoto akisikia "Haven't you seen him?" na jibu "No", huenda akadhani mtu kaonekana. Mfundishe kuliacha swali na kushika jibu: "No" daima linafuatwa na ukanusho, hata swali liwe la namna gani. Swali la "Do you mind" lifanyieni zoezi lake peke yake, maana hapo "Not at all" ndiyo ruhusa.

Kwenye kusoma, mambo yanageuka. Hapa ndipo Kiswahili kinapokuficha shida.

Chukua sentensi hii, ambayo qilin ni mnyama wa hadithi za Kichina: "The animal the envoys from Malindi had brought was taken for a qilin." Wewe unaisoma bila kukwama, kwa sababu Kiswahili nacho huanza na nomino kisha maelezo: mnyama waliyemleta wajumbe. Hata unacho kile kiungo "-ye-" kinachomfunga mnyama na kitenzi. Kichina huweka maelezo yote kabla ya nomino: kwa mpangilio wao ni kama kusema "wajumbe wa Malindi waliyemleta, yule mnyama". Tena hapo Kiingereza kimeangusha "that", hakuna alama ya kumwambia mtoto kwamba maelezo yameanza. Ataona "envoys from Malindi had brought was" na kusimama, au atadhani wajumbe ndio waliodhaniwa kuwa qilin.

Zoezi lake: atafute kwanza vitenzi vyote na kuvipigia mstari. Vikiwa viwili bila kiunganishi, kimoja ni cha maelezo. Nomino mbili zikigusana bila koma wala kiunganishi, kama "The animal the envoys", afungue mabano kabla ya ile ya pili na kuyafunga baada ya kitenzi chake. Kinachobaki nje, "The animal was taken for a qilin", ndiyo sentensi. Sentensi tano kwa somo zinatosha, lakini zitoke kwenye karatasi halisi, usizitunge. Angalia pia "although": Kichina huandamanisha neno lake na "lakini" katika kishazi cha pili, kwa hiyo mtoto anaingoja "but" ambayo haitakuja, na hajui mgeuko wa hoja umepita.

Kisa hicho cha twiga ni kifungu kizuri kwa mtoto wa Kichina na mwalimu wa pwani. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika kwenye baraza la mfalme wa China wa nasaba ya Ming, akapokewa kama qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Andika maneno 200, usimtaje kabisa nahodha Zheng He, kisha uliza kifungu kinasema nani aliongoza merikebu. Wengi watajibu Zheng He, kwa kuwa wamemsoma tangu shule ya msingi. Kifungu hakikusema. Kosa hili la kujibu kwa kichwa badala ya karatasi huwamaliza wanafunzi hodari, na kwenye IELTS ndilo linalowafanya wakose "Not Given", yaani jibu la kwamba kifungu hakikusema. Sharti liwe moja: hakuna jibu bila kupigia mstari maneno yanayolithibitisha.

Mtego mwingine ni msamiati wa maana moja. Watoto hawa hukariri maneno mengi sana, kila neno na tafsiri yake moja. "Address" ni anwani, "fine" ni sawa, "last" ni mwisho. Kisha kifungu kinasema "address the problem", "a heavy fine", "the meeting lasted an hour". Wawe na daftari la maneno wanayoyajua yaliyowasaliti, na kila neno liandikwe pamoja na sentensi lilikokutwa.

Kuhusu muda: dakika saba kwa kila kifungu, nane kwa kile cha mapengo. Kwenye mapengo asianze na maana. Aanze na viwakilishi na viunganishi. Sentensi yenye "these" inadai wingi kabla yake, yenye "however" inadai hoja ya kupingwa. Kwenye maswali ya kuchagua, jibu linalonakili maneno ya kifungu vilevile ndilo la kutiliwa shaka kwanza.

Usimuulize "Umeelewa?" Atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie akueleze aya kwa sentensi moja.

Wiki mbili za mwisho acheni vifungu vipya, rudieni imla zenye S nyingi. Karatasi ya Kiingereza ya Gaokao huwa tarehe 8 Juni saa 15:00 ya Beijing, na sikio ndilo linaloanza. Kwa hiyo jaribio la mwisho mlifanye Jumamosi saa nne asubuhi ya Mombasa, mtoto akiwa ameshakula chakula cha mchana, bila kusimamisha rekodi hata mara moja.