Kompyuta ya mezani haiwaki: anzia hapa kabla ya kununua kifaa

Mteja akinipigia simu na kusema "Fundi, kompyuta haiwaki," swali langu huwa moja: haiwaki vipi? Kuna iliyokufa kabisa, haina taa wala feni. Kuna inayozungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi. Na kuna inayoonyesha nembo vizuri, kisha inagoma kuingia Windows. Hayo ni magonjwa matatu tofauti. Anayekwambia "mazabodi imekufa" (yaani ile bodi kuu ya ndani) kabla ya kuuliza hilo anabahatisha kwa pesa yako.

Maelezo haya ni ya kompyuta za mezani, hasa zile za mtumba zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani.

Hatua ya 1: Umeme unafika?

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikichaji, soketi ni nzima. Halafu chukua waya wa umeme wa monita uuchomeke kwenye sipiyu (boksi lenyewe la kompyuta), maana mara nyingi ni wa aina moja. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na ikiungua huioni kwa nje. Angalia pia swichi iliyo nyuma ya pawa saplai (kasha linaloigawia mashine umeme): upande wa mstari ubonyezwe, si wa duara.

Mashine za zamani zilizotoka Marekani huwa na swichi nyingine, nyekundu, yenye 115 na 230. Kwetu lazima isome 230, na iwekwe hivyo kabla ya kuchomeka. Ikisahaulika kwenye 115 utasikia "pwaa!" na harufu ya kuungua, hapo pawa saplai imekwenda.

Kama umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha uiache itulie kidogo kabla ya kuchomeka tena. Pawa saplai nyingi hujifunga zenyewe kwa kujikinga, na hii ndiyo namna ya kuzifungua. Usiidharau, wengi wanaishia hapa bila kutoa senti.

Hatua ya 2: Pima pawa saplai

Chomoa waya ukutani, fungua kava, na uchomoe kwenye mazabodi ile plagi pana ya pini 24. Kunja klipu ya karatasi, mguu mmoja uingize kwenye tundu la waya wa kijani, mwingine kwenye tundu la waya mweusi. Sasa rudisha umeme. Feni ikizunguka, kuna uhai. Ukiwa na testa ya volti, njano na mweusi zisome kati ya 11.4 na 12.6.

Tahadhari: Dell na HP nyingi za ofisini zina plagi za kipekee, na rangi za waya huenda zisifuate mpangilio huo. Huko klipu weka kando. Tazama nyuma, karibu na tundu la waya: nyingi zina taa ndogo ya kijani, na Dell kadhaa zina kitufe kidogo cha kujipima.

Pawa saplai yenyewe usiifungue, hata ukiona mkia wa mjusi unachungulia. Inahifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa.

Ikiwa pawa saplai ni nzima, chomoa umeme, toa klipu, rudisha plagi kwenye mazabodi na uwashe. Mashine ikiwa bado kimya, shuku kitufe cha mbele. Waya zake mbili zinaishia kwenye pini ndogo za mazabodi, mara nyingi zimeandikwa PWR. Zitoe, kisha gusanisha pini hizo mbili tu kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, umetafuta ugonjwa mbali bure.

Hatua ya 3: Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Kwanza kebo ya monita. Mashine yenye kadi ya grafiki ina matundu ya picha sehemu mbili. Chomeka kwenye kadi, si kwenye mazabodi.

Kisha ramu (vijiti vya kumbukumbu vilivyochomekwa kwenye bodi), ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo mkosaji mkuu, hasa huku pwani ambako unyevu na chumvi hula miguso yake. Umeme ukiwa umechomolewa, gusa chuma cha kava, bana vishikizo vya pembeni, utoe ramu zote. Sugua miguso ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, safisha matundu kwa brashi kavu au hewa (si kwa mdomo, mate ni maji). Rudisha moja tu, uisukume mpaka usikie vishikizo vikibana pande zote mbili. Washa. Ikikataa, ihamishie tundu la pili, kisha jaribu nyingine.

Bado? Washa bila ramu hata moja. Mashine ikilia mlio wa kujirudia, au taa ya kitufe ikimweka kwa mpangilio fulani, furahi: bodi na prosesa zina akili za kulalamika. Ikiwa kimya tupu, na kapasita za bodi (vile vikopo vidogo vilivyosimama) zimevimba vichwa, hapo kweli bodi inashukiwa.

Hatua ya 4: Nembo inaonekana, Windows haiingii

Chomoa flashi zote. Angalia saa na tarehe kwenye mipangilio ya mwanzo (BIOS). Zikiwa zimerudi nyuma miaka, betri ya bodi imeisha. Ni CR2032, ile ya mviringo. Ikiisha, mipangilio ya diski nayo inaweza kurudi ya kiwandani, na Windows ikashindwa kuwaka ilhali haina kosa. Badilisha betri, kisha rudisha mipangilio ya diski ilivyokuwa, kwa kawaida AHCI (namna bodi inavyowasiliana na diski).

Diski ikigonga "tik, tik", zima. Usiwashe tena kujaribu, peleka ikanakiliwe.

Kama haigongi, zima mashine kwa nguvu mara tatu pale vidoti vya Windows vinapoanza kuzunguka. Windows 10 na 11 zitafungua ukurasa wa kujitengeneza, uchague ukarabati wa kuwaka (Startup Repair). Kupiga Windows upya ni suala la mwisho, na ukipeleka mashine kwa fundi kwa kazi hiyo, toa diski yenye picha zako ubaki nayo, au mwandikie kwenye karatasi kwamba isifutwe.