Mikate ya oti ya Uskoti kwenye sigiri ya Nateete

Hapa Nateete, mtaa wa Kampala ninapouza chapati, ndipo alipokaa Alexander Mackay, yule fundi mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, akajulikana kwa jina la Mzungu wa Kazi. Alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, kijiji cha Aberdeenshire, Uskoti. Wanafunzi wanaopita kwangu huniuliza: kijijini kwao walikula nini? Mimi huwajibu kwa sigiri.

Enzi za Malkia Victoria, kwa mkulima au kibarua wa mashamba yale, oti, nafaka ya nchi za baridi, ilikuwa kama wimbi (ulezi) kwetu. Ngano hupata taabu kwenye baridi na mvua ya kule, oti huvumilia. Unga wake ulihifadhiwa ndani ya kasha kubwa la mbao, na vijana wa kulima kwa farasi walilipwa sehemu ya mshahara kwa unga huo na maziwa.

Nunua oti za kawaida, siyo zile za kuiva dakika moja. Saga robo kilo mpaka ziwe chenga ndogo. Mara ya kwanza nilizisaga laini kama unga wa ngano, nikapata gundi. Tia chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta yaliyoyeyushwa kijiko kimoja na nusu cha chakula. Wao walitumia mafuta ya nyama. Mimi natia samli, maana wateja wangu wengi ni Waislamu na nataka kila mtoto aonje. Mimina maji moto kidogo kidogo, kama nusu kikombe, mpaka unga ushikane.

Sasa sahau chapati. Donge la chapati unaliacha lipumzike. La oti halina mvuto ule, na likipoa linapasuka. Gawa mawili, moja lifunike. Lingine libonyeze kwa vifundo vya vidole juu ya kibao kilichonyunyiziwa oti, ulizungushe. Kingo zikianza kuachana, zibane kwa kidole gumba. Zikikataa, lowesha vidole kwa maji moto. Sukuma mpaka unene wa sarafu mbili, kisha kata msalaba upate vipande vinne.

Kikaango kiwe kikavu, makaa machache. Usigeuze! Baada ya dakika kumi hivi utaona ncha zinajikunja juu zenyewe, kama jani la mgomba linalokauka. Hapo viinue, uvisimamishe kando ya sigiri, upande wa juu ukitazama moto, hadi vikauke. Mama wa Uskoti alivisimamisha hivyo mbele ya moto wa mboji, yaani ule udongo mweusi wa vinamasini unaokatwa kama matofali na kuanikwa kiangazi. Ni moto wa polepole, ndiyo maana nasisitiza makaa machache.

Kula na siagi, jibini au maziwa. Asiye na muda afanye kama wale vijana wa farasi: oti bakulini, chumvi, maji yanayochemka, koroga kwa mpini wa kijiko, maziwa juu.

Mikate ikipoa, itie kwenye kopo lenye mfuniko. Hukaa wiki nzima. Mvua za Aprili zikiilainisha, irudishe kikaangoni dakika mbili.