Katuni za utotoni: namna ya kuzitazama upya na watoto

Flashi iliyojazwa kwenye duka la muvi haina mlinzi. Tom na Jerry wa miaka ya 1940 wamo humo pamoja na katuni za juzi, bila onyo wala mpangilio, na mtoto aliyerudi kutoka madrasa jioni hubonyeza ya kwanza anayoiona. Disney+, huduma ya filamu za mtandaoni, mwezi Oktoba 2020 iliweka tangazo mwanzoni mwa baadhi ya filamu zake za zamani kwamba taswira za kudhalilisha watu na tamaduni zilizomo zilikuwa makosa wakati huo na ni makosa hata sasa; mwaka 2025 maneno hayo yakalegezwa. Mwaka 2021 ikaziondoa Dumbo, Peter Pan na The Aristocats kwenye kurasa za watoto wa chini ya miaka 7. Ni hatua nzuri, lakini tangazo lenyewe ni la jumla. Halikutajii dakika, wala halijui mtoto wa Kibokoni, hapa Mombasa, atasikia nini. Kazi hiyo ni ya mzazi.

Tazama peke yako kwanza

Watoto wakishalala, keti na daftari na kalamu. Kila jambo linapokukera au kukutia shaka, andika dakika na sekunde yake. Usitegemee kumbukumbu: ulipokuwa na miaka 8 macho yako yalikuwa kwa panya, si kwa mwanamke aliyeshika ufagio.

Kagua na urefu, kwa sababu nakala nyingi zimekatwa. Katuni fupi ya Tom na Jerry huchukua kama dakika 7. Ukiikuta imepungua kwa sekunde 17 hivi, usidhani imekatwa. Filamu iliyopigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ikihamishiwa PAL, mfumo wa televisheni wa zamani, huchezwa kwa picha 25, basi yote huenda mbio kidogo. Filamu ya dakika 90 hushuka hadi 86. Upungufu ukizidi hapo, sikiliza muziki. Katuni hizi zilitungiwa muziki unaofuata kila hatua ya paka, hivyo mahali palipokatwa tuni huruka ghafla.

Unachotafuta ni hiki: nani hana uso, nani hana jina, nani amepewa lafudhi ya kuchekesha, na mlipuko ukitokea, uso uliobaki unafanana na nani.

Tom na Jerry

Mwanamke yule wa aproni na sapatu, anayeonekana kwa kawaida kuanzia shingoni kwenda chini, alikuwamo tangu katuni ya kwanza mwaka 1940 hadi 1952. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani mweusi. Miaka ya 1960 baadhi ya katuni zilichorwa upya kwa ajili ya televisheni, akawekwa mwanamke mweupe mwembamba mwenye lafudhi ya Kiayalandi. Baadaye sauti ikarekodiwa tena na Thea Vidale, kwa Kiingereza kisicho na kejeli. Kwa hiyo flashi yako inaweza kuwa na yoyote kati ya hizo tatu, na utaitambua kwa miguu na sauti.

Mtoto atauliza tu: "Mama, mbona hana uso?" Usimjibu kwamba ndivyo katuni zilivyo. Mwambie hivi: "Waliochora hawakumwona kuwa ni mtu wa kuchorwa uso, mwanangu. Kwao alikuwa mfanyakazi tu. Wewe unadhani ana uso gani?" Kisha nyamaza umsikilize.

Mlipuko ndio mgumu zaidi. Tom anapolipukiwa, uso wake mara nyingine hugeuka mweusi, midomo ikavimba, nywele zikawa vifundo. Hayo si masizi. Ni mzaha wa majukwaa ya Marekani ya karne ya 19, wazungu walipojipaka weusi ili wawacheke watu weusi. Mtoto wa miaka 9 anaelewa ukimweleza kwa sentensi mbili. Wa miaka 5 haelewi, na kwake ni heri uchague katuni nyingine. His Mouse Friday ya 1951, yenye watu weusi walao watu kisiwani, iweke kando hadi awe mkubwa.

Aladdin

Hapa Mombasa filamu hii ya 1992 inahitaji muda kuliko zote, kwa kuwa inayemchora ni babu wa jirani yako. Wimbo wa mwanzo ulitoka ukisema kwamba huko Uarabuni watu hukatwa masikio sura zao zisipopendwa. Waarabu wa Marekani walilalamika, na mwaka 1993 mstari huo ukabadilishwa katika nakala za nyumbani, ukazungumzia jangwa na joto. Neno la kuiita nchi hiyo ya kishenzi lilibaki, likaja kuondolewa katika filamu ya waigizaji ya 2019.

Simamisha mara nne au tano, isizidi hapo. Pa kwanza ni sokoni: mwambie mtoto anayesoma Kiarabu akusomee vibao vya maduka. Hataweza, maana ni mikwaruzo tu iliyochorwa ifanane na herufi. Akigundua mwenyewe hatasahau. Pa pili ni pale mwenye matunda anapotaka kumkata mkono Jasmine, binti wa sultani, kwa sababu amempa tofaa mtoto mwenye njaa. Muulize alivyofundishwa madrasa kuhusu mwenye njaa. Baadaye msikilize Aladdin anavyosema kama kijana wa Marekani, huku askari na wachuuzi wakipewa lafudhi na pua ndefu.

Shenzi

The Lion King ya 1994 ina fisi aitwaye Shenzi. Kwa mtoto wa Chicago ni sauti tu. Kwa mtoto wako ni tusi, na atalipeleka shuleni kesho yake. Mueleze neno hilo lilivyotumika, na hapa mzazi wa Mombasa asikwepe. Wakoloni walitutukana kwalo, ndiyo, lakini kabla yao watu wa miji ya pwani walikuwa wakiwaita hivyo watu wa bara. Ukisimulia nusu ya kwanza peke yake, umemdanganya mtoto.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni hotuba kabla ya filamu. Mtoto huanza kuivizia aibu badala ya kutazama. La pili ni kurusha tukio kwa rimoti bila neno, atalitafuta simuni. Bibi naye akicheka palepale ulipotaka kusimamisha, usimkosoe mbele ya wajukuu. Muulize kwa heshima alikuwa akiziona wapi katuni hizi na nani alikuwa akichekwa.

YouTube izimie uchezaji wa moja kwa moja. Katuni 11 za studio ya Warner zilizozuiwa kwenye televisheni mwaka 1968 kwa ubaguzi ziko mtandaoni, na moja ikiisha nyingine inaweza kujileta.

Wala usihukumu kwa niaba ya anayechorwa. Speedy Gonzales, panya wa katuni aliyechorwa kama Mmeksiko, aliondolewa kwenye Cartoon Network ya Marekani mwaka 1999. Waliodai arudi ni Walatino wenyewe, waliomwona kuwa shujaa mwerevu, na mwaka 2002 alirudi.

Filamu ikiisha, toa karatasi na rangi, na sahani ya mabuyu katikati. Mpe mtoto kazi moja: amchore mwanamke wa Tom na Jerry akiwa na uso, au ampe yule fisi jina jipya la Kiswahili. Amwandikie na jina hilo chini ya mchoro.