Kumkumbuka rubani aliyekufa Vita vya Kagera

Rubani aliyeanguka na ndege huenda asiwe na kaburi la kuzuru. Familia inabaki na picha na maneno ya watu. Ami yangu alikuwa rubani wa ndege vita, akafa katika vita ile ya Tanzania na Uganda. Kwetu Tanga kulikuwa na picha yake ukutani na hadithi zisizopatana, kila shangazi na yake. Haya ndiyo ninayowashauri wenye msiba kama wetu.

Anzeni na wazee, tena mwaka huu. Makaratasi yatasubiri. Lakini usimuulize bibi "alikufa tarehe ngapi", atakutajia yoyote ili umwache apumzike. Muulize redio ilikuwa inasema nini, na ilikuwa kabla au baada ya sikukuu gani. Majeshi ya Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Hotuba ya Mwalimu Nyerere, ile ya sababu, nia na uwezo, ilikuwa Novemba 2, na Idi ya kuchinja ikafuata siku chache tu baadaye. Maulidi yakaangukia Februari 1979, wiki mbili hivi kabla ya mji wa Masaka, Uganda, kutekwa. Kwa familia za Kikristo, Pasaka ilikuwa Aprili 15, siku nne baada ya Kampala kuanguka. Mama mmoja aliyeapa kwamba hakumbuki kitu alituambia habari zilifika "nyama ya Idi bado iko juani". Tarehe hiyo! Rekodi kwa simu, mwache azunguke atakavyo, na usimsahihishe hata akichanganya majina. Kusahihisha ni kazi ya baadaye, tena ukiwa peke yako.

Baada ya hapo tafuta namba yake ya jeshi. Ni muhimu kuliko jina, maana kina Juma Ali ni wengi. Huwa imeandikwa kwenye barua za malipo ya warithi, kwenye kitambulisho, pengine kwenye sanduku lake la bati. Ukiwa nayo, pamoja na cheo na kikosi, andika barua Makao Makuu ya Jeshi, uambatishe nakala za vyeti vinavyoonyesha uhusiano wenu. Omba jambo moja kwa barua moja: tarehe na mahali alipofia. Ukidai kila kitu kwa mpigo, barua itazunguka meza hadi meza. Magazeti ya Uhuru na Daily News ya miezi ile nayo yasomwe, ila usitegemee kumkuta kwa jina.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige picha hapo hapo ilipo, kwenye kivuli. Iliyo huru iandike nyuma kwa penseli laini: nani, wapi, nani kasema. Kalamu ya wino hupenya.

Sasa lile gumu. Imeandikwa katika historia za vita ile kwamba siku za mwanzo mizinga yetu wenyewe ilitungua ndege zetu. Kwa hiyo karibu kila familia ya rubani ina mjomba anayenong'ona kwamba "wetu ndio waliompiga". Mimi sikubali minong'ono hiyo ifutwe, wala siikubali kama ushahidi. Andika: fulani alisema hivi, alisikia kwa fulani, mwaka fulani. Basi. Kama mjane wake yu hai, zungumza naye kwanza kabla hujaisoma mbele ya ukoo.

Siku ya kumkumbuka, wengi huchagua Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa linapoweka mkuki na ngao, sime, upinde na shoka kwenye mnara. Ukiweza kusafiri, nenda Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa mamia ya askari wa vita ile. Pale ni eneo la jeshi, omba ruhusa mapema na usitoe simu kupiga picha bila kuuliza. Sisi tunapendelea hitima nyumbani, kwa tarehe ile ya nyama juani. Kabla ya Yasini, kijana mmoja husoma ukurasa mmoja wa maisha yake: alisoma wapi, alirusha ndege gani, alipenda mchuzi gani. Ukurasa mmoja tu, wageni wana njaa.

Nakala za rekodi mpe na ndugu anayeishi mji mwingine. Nyumba huungua, na simu huibwa.